Courmayeur: Mji mdogo wa Italia unaoishi kwa mlima, jibini na barafu

Na Mwandishi Wetu

WAGENI wengi wanaokwenda Italia huishia Roma, Venice na Florence, miji ya makanisa makubwa, majumba ya kale na michoro ya mabingwa. Ni wachache wanaokumbuka kuwa Italia ni nchi ya milima pia, na kwamba upande wake wa kaskazini umezungukwa na ukuta wa mawe na theluji uitwao Alps.

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya ukuta huo, karibu na mahali Italia inapokutana na Ufaransa na Uswisi, upo mji mdogo wa Courmayeur. Wakazi wake hawafiki elfu tatu, idadi ndogo kuliko ya kata moja ya Dar es Salaam. Mji wenyewe uko mita 1,224 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Arusha, lakini nyuma ya mapaa yake umesimama mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,800.

Mlima huo ndio ulioupatia mji kazi, jina na wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ni sehemu chache ambako msemo huo umetimia kama hapa. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni mlima huohuo umeanza kuwatia wenyeji wasiwasi, kwani barafu iliyowavutia wageni kwa zaidi ya karne mbili inayeyuka, na wakati mwingine inatishia kuporomoka bondeni.

Makala haya yanaeleza mji huo unavyoishi, mambo ambayo mgeni huyaendea, vyakula atakavyovikuta mezani, na tahadhari anazopaswa kuchukua kabla ya kufunga mizigo yake. Aidha, yanakumbusha kisa kisichojulikana na wengi: watu wa Courmayeur walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kwenye vilele viwili vikubwa vya Afrika Mashariki.

Mlima mmoja, majina mawili

Waitaliano huuita mlima huo Monte Bianco na Wafaransa huuita Mont Blanc. Majina yote mawili yana maana moja, yaani mlima mweupe. Ndio mrefu kuliko yote katika Alps, na mpaka wa Italia na Ufaransa umepita juu yake.

Urefu wake hubadilika kidogo kila unapopimwa, kwa sababu kilele chenyewe si mwamba bali ni kofia nene ya barafu na theluji inayoongezeka na kupungua kwa upepo na hali ya hewa. Kipimo cha mwaka 2023 kilionyesha mita 4,805 na ushei.

Watu wa kwanza kufika kileleni walikuwa Jacques Balmat, mtafuta mawe ya fuwele, na Dk. Michel-Gabriel Paccard, tabibu, wote wa Chamonix, mji ulio upande wa pili wa mlima. Walifika Agosti 8, 1786, na tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa mchezo wa kupanda milima barani Ulaya.

Wakati huo pande zote mbili za mlima zilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Savoia. Upande wa Chamonix uliingia Ufaransa mwaka 1860, ilhali Courmayeur ilibaki Italia pamoja na bonde zima la Aosta. Ndiyo maana mgeni atakuta mitaa na vijiji vyenye majina ya Kifaransa ndani ya ardhi ya Italia.

Utawala wa Mussolini ulijaribu kuifuta historia hiyo kwa kuyageuza majina ya mahali yawe ya Kiitaliano, na Courmayeur ikaitwa Cormaiore. Baada ya vita majina ya zamani yalirudi. Mwaka 1948 bonde la Aosta lilipewa mamlaka maalumu ya kujiendesha, na Kifaransa kikapewa hadhi sawa na Kiitaliano. Wazee wa vijijini bado huzungumza lugha yao ya tatu, ya kienyeji, iliyo karibu na Kifaransa.

Mwaka 1965 lilifunguliwa handaki la barabara lenye urefu wa kilomita 11.6 chini ya mlima, na safari ya Courmayeur hadi Chamonix ikawa ya dakika chache badala ya kuzunguka kupitia njia za juu. Handaki hilo lina kumbukumbu ya msiba pia. Machi 24, 1999, lori lilishika moto ndani yake na watu 39 wakapoteza maisha. Lilifunguliwa tena mwaka 2002 baada ya kuwekewa mitambo mipya ya usalama.

Waongozaji waliofika Kenya na Uganda

Kazi iliyoupatia mji huu sifa ni ya kuwaongoza wapanda mlima. Mwaka 1850 waongozaji wa Courmayeur waliunda chama chao, ambacho ni cha kwanza nchini Italia na cha pili duniani baada ya kile cha Chamonix kilichoanzishwa mwaka 1821.

Waongozaji wa mwanzo hawakuwa wanamichezo. Walikuwa wakulima, wachungaji, wawindaji na maseremala waliozijua njia za milimani kwa sababu ya maisha yao ya kila siku. Matajiri kutoka Uingereza na kwingineko walipoanza kuja kupanda vilele, ujuzi huo ukageuka kuwa ajira. Mmoja wa waliovuma sana, Émile Rey, alikuwa seremala wa kitongoji cha La Saxe. Alifariki mwaka 1895 kwa kuanguka kwenye mwamba wa Dente del Gigante, mlima aliouzoea.

Sifa yao ilivuka bahari. Mwanajiografia Mwingereza Halford Mackinder alipopanga kupanda Mlima Kenya mwaka 1899, aliwachukua watu wawili wa Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel. Msafara ulikuwa na wapagazi wengi, wakiwamo Waswahili na Wakikuyu. Septemba 13, 1899, Mackinder na waongozaji wake wawili walikanyaga kilele cha Batian chenye urefu wa mita 5,199, ambacho Mackinder alikipa jina la laiboni mashuhuri wa Wamasai.

Miaka saba baadaye, Ollier na Brocherel walirudi Afrika Mashariki wakiwa na mwenzao Joseph Petigax, naye wa Courmayeur, katika msafara wa mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Savoia, Duke wa Abruzzi. Walishuka Mombasa, wakasafiri kwa reli hadi Ziwa Victoria, wakavuka kwa meli hadi Entebbe, kisha wakatembea kwa miguu kuelekea milima ya Ruwenzori.

Juni 18, 1906, msafara huo ulifika kilele cha juu kabisa cha Ruwenzori, chenye mita 5,109. Duke alikipa jina la Malkia Margherita wa Italia, na hadi leo ramani za Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinakiita hivyo.

Kwenye Mlima Kenya nako majina ya waongozaji hao yamebaki. Barafu mbili za upande wa kaskazini-magharibi ziliitwa César na Joseph, kwa heshima ya Ollier na Brocherel. Wapagazi waliowabebea mizigo hadi chini ya barafu hizo hawakupata bahati ya kukumbukwa namna hiyo.

Katikati ya Courmayeur, kwenye nyumba ya waongozaji, kuna makumbusho yenye jina la Duke wa Abruzzi yaliyofunguliwa mwaka 1929. Humo huhifadhiwa zana, picha na kumbukumbu za misafara ya aina hiyo. Mgeni kutoka Afrika Mashariki atakayepita hapo atakutana na sehemu ya historia ya kwao, ingawa ni vyema aulize kwanza siku na saa za kufunguliwa.

Leo mwongozaji hawi mwongozaji kwa kuzaliwa bondeni tu. Sheria ya Italia ya mwaka 1989 inamtaka apitie mafunzo, afaulu mitihani na aandikishwe ndipo aruhusiwe kulipwa kwa kazi hiyo. Ni jambo la kuzingatia kwa mgeni: anayejitokeza mtaani na kudai anaweza kukupeleka kwenye barafu kwa bei nafuu, bila kitambulisho cha kazi, si wa kumwamini.

Kutembea kwa miguu

Si lazima mtu awe mpanda mlima ndipo aifurahie Courmayeur. Wageni wengi wa kiangazi, yaani kuanzia Juni hadi Septemba, huja kwa ajili ya kutembea tu.

Juu ya mji bonde linagawanyika mara mbili. Upande wa kulia ni Val Ferret na upande wa kushoto ni Val Veny. Mito inayotoka katika mabonde hayo hukutana kwenye kijiji cha Entrèves na kuwa mto mmoja, Dora Baltea, unaoteremka hadi kuungana na mto Po.

Val Ferret ndilo bonde jepesi kwa familia. Njia yake ya chini ni tambarare kwa sehemu kubwa, ikifuata mto katikati ya malisho na misitu, huku ukuta wa Grandes Jorasses wenye mita 4,208 ukiwa juu ya kichwa cha msafiri. Katika siku zenye wageni wengi magari binafsi huwekewa vizuizi, na watu hupanda mabasi.

Anayetaka jasho zaidi hupanda hadi kwenye vibanda vya kupumzikia. Vibanda hivi ni nyumba kamili za mawe au mbao zenye jiko, meza na vitanda vya kulala watu wengi chumba kimoja. Mfano ni kile kilichopewa jina la Walter Bonatti, mpanda mlima mashuhuri wa Italia. Kiko mita 2,025 na kilifunguliwa mwaka 1998. Vibanda vingi hufunguliwa kati ya Juni na Septemba, na kitanda hakipatikani bila kukiagiza mapema.

Njia hizo ni sehemu ya mzunguko mkubwa wa Mont Blanc, wa kilomita zipatazo 170, unaopita katika nchi tatu. Mtembeaji wa kawaida huumaliza kwa siku saba hadi kumi na moja, akilala kwenye vibanda na vijiji. Kwa jumla hupanda takriban mita 10,000, jambo linaloonyesha kwamba si matembezi ya pwani.

Wapo pia wanaouzunguka kwa mbio. Tangu mwaka 2003 hufanyika mashindano yanayoanzia Chamonix na kupitia Courmayeur usiku, ambayo washindi wake humaliza kwa takriban saa 20. Mwaka 2010 Courmayeur nayo ilianzisha yake, Tor des Géants, ya kilomita 330 kuzunguka bonde zima la Aosta. Wakimbiaji hupewa saa 150, na usingizi wanajitafutia wenyewe njiani.

Kupanda kwa kigari cha waya

Kwa asiyetaka kutembea, kuna njia ya waya. Mwaka 2015 ulifunguliwa mtambo mpya uitwao Skyway, ambao huwabeba watu katika vigari vya vioo vinavyoning'inia kwenye nyaya na kujizungusha taratibu ili kila abiria aone pande zote.

Safari huanzia mita 1,300 karibu na Entrèves, hubadilisha kigari kwenye kituo cha Pavillon chenye mita 2,173, kisha humalizikia Punta Helbronner, mita 3,466. Kwenye kituo cha kati kuna bustani ya mimea ya milimani. Juu kabisa kuna jukwaa ambalo, hali ya hewa ikiwa njema, mtu huviona vilele vikubwa vya nchi tatu.

Hapa tahadhari inahitajika. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hutembea siku mbili ndipo afike Horombo, mita 3,720, na mwili wake hupata muda wa kuzoea. Kwa Skyway mtu hupanda zaidi ya mita 2,000 kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Wengine huumwa kichwa, hupata kizunguzungu au kuhema. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, na mwenye mtoto mchanga, amwone daktari kwanza.

Vilevile, jukwaa la juu ni salama, lakini mlango unaotokea kwenye barafu si wa watalii. Nje yake kuna nyufa zilizofunikwa na theluji, na mtu anaweza kutumbukia bila kuziona. Huko huendwa kwa kamba, viatu vya chuma na mwongozaji.

Majira ya baridi hubadilisha kila kitu. Kuanzia Desemba hadi Aprili mji hugeuka kuwa wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, hasa katika miteremko ya Checrouit na Val Veny. Mgeni asiyewahi kuvaa mbao za kutelezea anaweza kukodi vifaa na kulipia mwalimu. Anayeogopa mteremko huenda Val Ferret, ambako watu huteleza kwenye njia tambarare au hutembea tu juu ya theluji.

Chakula cha watu wa baridi

Chakula cha bonde la Aosta ni chakula cha watu waliokaa ndani miezi mingi ya baridi, wakitegemea walichokihifadhi. Ndiyo maana kina jibini, siagi, nyama iliyokaushwa na mkate mgumu, tofauti na mafuta ya zeituni na nyanya ambavyo wengi hudhani ndiyo Italia yote.

Mfalme wa meza ni jibini iitwayo fontina. Hutengenezwa kwa maziwa mabichi ya ng'ombe, yaliyokamuliwa kwa mkupuo mmoja na kuingizwa kiwandani kabla hayajapoa. Kilo moja huhitaji takriban lita kumi. Jibini hupangwa kwenye rafu za mbao ndani ya mapango na maghala yenye ubaridi na unyevu, ikigeuzwa, kupanguswa na kupakwa chumvi kwa siku zisizopungua 80. Ghala mojawapo ni mgodi wa zamani wa shaba katika bonde la Valpelline.

Tangu mwaka 1996 jina la fontina linalindwa na sheria ya Ulaya. Haliwezi kubandikwa kwenye jibini iliyotengenezwa nje ya bonde la Aosta, wala kwa maziwa ya ng'ombe wasio wa aina ya kienyeji, waliolishwa majani na nyasi kavu za huko.

Sheria hiyo si ya mapambo. Kwa kuwa fontina haiwezi kutengenezwa kwingine, bei yake hukaa juu kiasi cha kumwezesha mfugaji mdogo kuishi. Mfugaji akibaki, ng'ombe hupandishwa malisho ya juu mwezi Juni na kuteremshwa mwishoni mwa Septemba, kwa kengele na maua shingoni. Na ng'ombe wakilisha, malisho hubaki wazi na njia hazimezwi na vichaka. Hivyo mtembeaji anayefurahia nyika ya kijani katika Val Ferret anafaidi kazi ya mfugaji, hata kama hajaonja jibini yake.

Fontina huliwa kwa njia nyingi. Huyeyushwa pamoja na maziwa, siagi na viini vya mayai, na rojo hilo huliwa kwa vipande vya mkate. Huwekwa pia kwenye supu nzito ya mkate, kabichi na mchuzi wa nyama, yenye asili yake Valpelline.

Chakula ambacho Mtanzania au Mkenya hatahitaji kuelezwa ni polenta. Ni ugali wa mahindi, wa rangi ya manjano, uliosongwa kwa muda mrefu na mara nyingi kuchanganywa na siagi na fontina. Mahindi yalifika Ulaya kutoka Amerika kama yalivyofika kwetu, yakawa chakula cha maskini, na leo hoteli zinayauza kwa bei ya heshima. Mboga yake ya kawaida ni carbonada, nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole kwa vitunguu na mvinyo mwekundu.

Mkate wa asili ni mweusi, wa unga wa shayiri nyekundu, aina ya nafaka inayovumilia baridi, uliochanganywa na ngano. Zamani ulipikwa mara moja au chache tu kwa mwaka, mwanzoni mwa baridi, katika tanuri la kijiji ambalo kila familia ilipewa zamu. Ulikaushwa kwenye fremu za mbao na kuliwa miezi mingi baadaye, ukivunjwa kwa kisu maalumu. Matanuri hayo yamehifadhiwa katika vijiji vingi na huwashwa tena wakati wa sherehe.

Wasiokula nyama ya nguruwe na wasiokunywa pombe wawe waangalifu, kwa maana vyote viwili hujificha. Paja lililokaushwa la Bosses na mafuta ya Arnad, vitu vinavyosifiwa sana, ni vya nguruwe. Mocetta, nyama nyembamba iliyokaushwa kwa chumvi na viungo, kwa kawaida ni ya ng'ombe, lakini ni vyema kuuliza. Carbonada ina mvinyo. Kahawa ya bonde la Aosta, inayoletwa kwenye chombo cha mbao chenye midomo mingi na kuzungushwa mezani kila mtu akinywea mdomo wake, imechanganywa na pombe kali. Rojo la fontina, polenta na vileti vyembamba vya karanga za kizungu viitwavyo tegole havina shida hiyo.

Kwa wanywaji, vijiji jirani vya Morgex na La Salle hutoa mvinyo mweupe kutoka mizabibu inayopanda hadi karibu mita 1,200, miongoni mwa iliyo juu kabisa Ulaya. Baridi ya huko iliwazuia wadudu walioangamiza mashamba ya zabibu ya bara hilo katika karne ya 19, na ndiyo maana mizabibu hiyo bado imesimama kwenye mizizi yake ya asili.

Barafu inayosogea

Mgeni anayeitazama milima ya Courmayeur huona weupe uliotulia. Ukweli ni kwamba barafu hiyo inatembea. Theluji ya miaka mingi hujikandamiza na kuwa barafu, na uzito wake wenyewe huisukuma polepole kuelekea chini kama mto mzito. Joto linapoongezeka, maji yaliyoyeyuka hupenya hadi chini yake na kuilainishia njia. Hapo sehemu iliyoning'inia kwenye mteremko mkali inaweza kukatika na kuporomoka.

Hofu hiyo ilidhihirika Septemba 2019. Wataalamu waliona kuwa kipande cha barafu ya Planpincieux, kwenye ubavu wa Grandes Jorasses, kinasogea kwa kasi isiyo ya kawaida. Kilikadiriwa kuwa na mita za ujazo 250,000. Uongozi wa mji uliamuru kufungwa kwa sehemu ya barabara ya Val Ferret na kuwaondoa watu katika nyumba zilizo kwenye njia ya maporomoko.

Agosti 2020, katikati ya msimu wa wageni, tishio lilirudi kwa kipande kikubwa zaidi, cha mita za ujazo zipatazo 500,000. Watu wapatao 75, wenyeji na watalii, walitakiwa kuondoka. Siku chache baadaye hali ya hewa ilipopoa waliruhusiwa kurudi, na maafa yaliyohofiwa hayakutokea. Tangu wakati huo barafu hiyo hufuatiliwa kwa rada na kamera.

Baadhi ya wafanyabiashara huona hatua kama hizo zinawafukuzia wateja. Lakini Julai 3, 2022, upande wa pili wa Alps ya Italia, kipande cha barafu ya mlima Marmolada kilikatika na kuua watu 11 waliokuwa wakipanda. Kiangazi hichohicho joto liliwalazimisha waongozaji katika sehemu mbalimbali za Alps kusimamisha safari za njia maarufu, kwa sababu mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yalianza kudondoka. Kwa mwongozaji, njia iliyofungwa ni mshahara uliopotea. Kwa mfuasi wake, huenda ikawa ni uhai uliookolewa.

Habari hizi si ngeni kwetu. Barafu za Mlima Kenya zilizopewa majina ya César na Joseph zimepungua mno tangu siku za wenye majina hayo, na ya Ruwenzori waliyoikanyaga mwaka 1906 imeyeyuka kwa sehemu kubwa. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2022 ilionya kuwa barafu za maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, ikiwamo ya Kilimanjaro, huenda zikatoweka kabisa ifikapo mwaka 2050.

Tofauti ni kwamba Courmayeur imeanza kujipanga. Mji unawavuta wageni kwa njia za miguu, mbio, chakula na makumbusho, mambo yasiyotegemea barafu peke yake. Vijiji na miji yetu iliyo chini ya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori ina sababu ya kuliangalia jambo hilo kwa makini.

Kabla ya safari

Mtanzania, Mkenya au Mganda anayekwenda Italia anahitaji viza ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na mwombaji lazima awe na bima ya safari inayofikia euro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani. Asome masharti ya bima hiyo kwa uangalifu, kwani nyingi hazigharimii uokoaji wa milimani wala michezo ya theluji hadi mtu aongeze malipo.

Reli haifiki Courmayeur. Wengi hushukia viwanja vya ndege vya Torino, Milano au Geneva na kumalizia kwa basi au gari la kukodi. Kutoka Torino ni kilomita zipatazo 150. Anayetokea Geneva hupitia handaki la Mont Blanc, na hana budi kuuliza mapema kama liko wazi. Mwaka 2024 na tena 2025 lilifungwa kwa zaidi ya miezi mitatu, kuanzia Septemba hadi Desemba, kwa matengenezo.

Nguo za joto zinahitajika hata mwezi wa Agosti, kwa kuwa kilele cha safari ya waya kinaweza kuwa kwenye nyuzi sifuri wakati mji uko kwenye joto la kuvaa shati. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi si anasa, maana theluji huurudisha mwanga na kuumiza macho ya kila mtu, mweusi kwa mweupe. Wanaopenda utulivu waikwepe wiki ya Agosti 15, ambayo ni sikukuu nchini Italia na siku ambayo waongozaji wa Courmayeur hufanya sherehe yao.

La mwisho, mgeni asome mabango ya njiani na kuuliza hali ya njia kila asubuhi. Akikuta bonde limefungwa, asitafute kichochoro cha kupenya. Waliolifunga ni watu ambao riziki yao inategemea liwe wazi, nao hawawezi kulifunga bila sababu.